Fundi Ametoa Breki ya Mbele ya Mtoto. Twende Nayo Karura?

SWALI: Jumamosi tunapanga kwenda Msitu wa Karura na baiskeli, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Baiskeli zote ni za mtumba kutoka Ulaya. Fundi wa mtaani amezipitia, lakini ile ya mdogo ametoa breki ya mbele kabisa, akisema mtoto akiishika kwenye mteremko ataruka juu ya usukani. Ya mume wangu ina breki za diski zilizokuwa zikipiga kelele. Amezipulizia mafuta na sasa zimenyamaza. Ninachouliza ni hiki: mdogo atumie gia gani kwenye miteremko ya huko? — Mama wa wawili, Kahawa West

JIBU: Mama, gia tutazifikia. Baiskeli mbili kati ya nne ulizonazo hazifai kuingia msituni, na zote mbili zimeharibiwa na mtu uliyemlipa azitengeneze.

Kila likizo ya shule ikikaribia naletewa baiskeli za watoto ambazo waya wa breki ya mbele umekatwa, umelegezwa au umetolewa, na maelezo ni yale yale: ya mbele inaangusha. Hawasemi hivyo mafundi peke yao. Wanasema wajomba, majirani, hata walimu wa michezo, na kila mmoja ana kisa cha binamu aliyepoteza meno. Binamu huyo simkatai. Ninachokataa ni dawa aliyopewa.

Ukishika breki, uzito wa baiskeli na wa aliyeipanda hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini na kushika ardhi vizuri zaidi. La nyuma linabaki jepesi, na ukizidi kulibana linaacha kuzunguka na kuanza kuburuta. Tairi linaloburuta halisimamishi vizuri, na mkia wa baiskeli nao huanza kwenda upande unaotaka. Kwenye lami kavu na tambarare, mtu mwenye mwendo wa kilomita 20 kwa saa akishika breki zote mbili vizuri husimama ndani ya mita 3 au 4 tangu zianze kubana. Akiwa na ya nyuma tu, atahitaji mara mbili ya hapo. Kwenye mteremko pengo linakua zaidi, kwa sababu mteremko wenyewe umeshausogeza uzito mbele kabla hata hajagusa breki. Yaani fundi wako amemnyang'anya mtoto ile breki inayofanya kazi zaidi, mahali hasa inapohitajika zaidi.

Sasa toka kwenye lami. Njia za Karura ni udongo mwekundu, mizizi na majani yaliyoanguka, na kukinyesha usiku udongo ule huteleza kama sabuni. Tena msitu si wa waendesha baiskeli peke yao. Wikendi kuna wakimbiaji, wazee wanaonyoosha miguu, na watu wenye mbwa. Hata mkifuata njia zilizowekewa alama za baiskeli, mtoto atakutana na mtu kwenye kona, na pale hana mita 8 za kuburuta.

Nadhani najua ushauri huu ulikotoka. Baiskeli zilizolea mafundi wengi wa hapa ni Black Mamba, zile nzito zenye breki za vyuma, zilizobeba abiria, maziwa na magunia kwenye keria. Ukiwa na gunia la viazi nyuma, gurudumu la nyuma lina uzito wa kutosha na breki yake inashika kweli. Kwa mwendesha boda boda ya baiskeli wa wakati ule, kutegemea ya nyuma kulikuwa na mantiki. Mwanao hana gunia. Ana kilo zake chache, na akiogopa huinamia usukani, kwa hiyo gurudumu la nyuma halibaki na chochote.

Kwa nini basi watoto huruka? Mara nyingi ninapoipima baiskeli iliyomwangusha mtoto, nakuta mkono wa breki umewekwa kwa kipimo cha mtu mzima. Vidole havifiki, mtoto anaudaka kwa kiganja kizima, na breki inafunga ghafla. Angalia karibu na pale mkono unapoungana na usukani. Mingi ina skrubu ndogo ya kuusogeza karibu. Mtoto aufikie kwa kidole cha shahada bila kuachia usukani, na kidole kimoja au viwili vitoshe kubana. Visipotosha, mara nyingi waya umeshika kutu ndani ya ala yake. Waya wa namna hiyo hugoma, hugoma, kisha huachia kwa mpigo, na hapo ndipo mtoto huruka. Waya mpya na ala yake ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu kabisa kwenye baiskeli, ila kuuvuta wote nje ni kazi rahisi kuliko kuubadilisha.

Kwa kuwa zenu ni za mtumba, kuna jambo jingine ambalo halimhusu mtoto tu. Baiskeli nyingi za bara Ulaya zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Za Uingereza, na nyingi tulizozoea huku, huwa kulia. Mtoto aliyejifunza kwenye moja akapewa ya pili hushika ya mbele akidhani ni ya nyuma, kwa nguvu za mtu anayetaka kuburuta. Bana mkono mmoja mmoja uone gurudumu gani linafungwa, kwenye baiskeli zote nne, na kama zinatofautiana mwambie fundi abadilishe nyaya ziwe upande mmoja.

Kisha mfundisheni. Nusu saa kwenye nyasi inatosha kuanza. Kwanza atembee kando ya baiskeli, abane ya mbele polepole, aone mwenyewe nyuma inavyonyanyuka. Akishaona hivyo atawaamini. Baadaye apande, siti ikiwa imeshushwa, na abane zote mbili kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo huku akisukuma makalio nyuma, mikono imara, pedali mbili zikiwa usawa mmoja. Msituni ashike breki kabla ya kona, si ndani yake. Na gia uliyouliza: ya katikati, aache kukanyaga pedali anaposhuka. Gia haimsimamishi mtu.

Ya mume wako sasa. Mafuta kwenye breki! Diski husimamisha kwa msuguano, na mafuta kazi yake ni kuondoa msuguano. Kelele imenyamaza kwa sababu breki imenyamaza pamoja nayo. Pedi za diski zikishanyonya mafuta hazisafishiki vya kuaminika: zitupwe, wekeni mpya. Diski yenyewe ifutwe kwa isopropili alkoholi na kitambaa safi, na isiguswe kwa vidole. Msitumie spiriti ya vidonda, maana aina nyingine huchanganywa na mafuta ya mbarika, mkarudi palepale. Pedi mpya zikishaingia, apige mbio fupi na kushika breki mara kadhaa mahali salama, bila kusimama kabisa, mpaka zianze kung'ata. Kelele za diski kwa kawaida hutokana na uchafu, pedi zilizoisha au kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, iliyokaa upande, na hakuna hata moja inayoponywa na kopo la kupuliza.

Kopo hilo ndilo linalonichosha. Linapulizwa kwenye cheni, kwenye diski, kwenye rimu, kwenye beringi zilizohitaji grisi, na mwenye baiskeli anaondoka amefurahi kwa sababu hakuna tena kinacholia. Mzazi anayechukua baiskeli kwa fundi yeyote, au anayekodisha pale getini, afanye hivi kabla ya kutoa pesa: asimame kando yake, abane breki ya mbele peke yake na kuisukuma mbele, nyuma inyanyuke, kisha abane ya nyuma peke yake na kuisukuma, gurudumu liburute bila kuzunguka. Halafu auvute kila mkono kwa nguvu zake zote, na ukigusa usukani baiskeli irudi mezani. Fundi akisema hiyo ya mbele aliitoa makusudi, muulize vipande vyake viko wapi, avirudishe ukiwa umesimama hapo. Kama amevitupa, breki ya rimu ya baiskeli ya mtoto hupatikana kwenye maduka ya vipuri, na Karura itasubiri Jumamosi nyingine.