Pikipiki Kubwa Huzoeleka kwa Mwendo wa Polepole

Nilipohama kutoka pikipiki ya cc 150 kwenda ya cc 650, nilidhani kwamba kitakachonitisha ni kasi. Haikuwa hivyo. Barabarani ilitulia kuliko ile ya zamani, kwa sababu mwendo wenyewe huisaidia pikipiki kusimama wima. Kilichonitia hofu ni uzito wake wa zaidi ya kilo 200, ambao huusikii mpaka ugeuze mahali pembamba, usimame mlimani au uisukume ikiwa imezimwa.

Katika mwezi wa kwanza niliiangusha nikiwa karibu kusimama kabisa. Nilikuwa nimekata usukani kushoto, nikabana breki ya mbele ghafla, nayo ikalala upande huo kabla mguu wangu haujapata pa kukanyaga. Tangu siku hiyo, ninapokata kona kwa mwendo wa chini, hutumia breki ya nyuma peke yake, tena kwa kuigusa tu, huku klachi nikiwa nimeiachia nusu na mkono wa mafuta ukitulia pale pale. Vitu hivyo vitatu vikifanya kazi pamoja, pikipiki nzito haiyumbi. Nilizoeza mikono na mguu katika uwanja mtupu, dakika 20 kila jioni, nikizunguka kwa umbo la namba 8 na kulipunguza kila nilipolimudu. Kilichonichelewesha zaidi ni macho. Kila nilipotazama gurudumu la mbele niliyumba, lakini nilipogeuza shingo na kutazama ninakotaka kutokea, pikipiki ilifuata.

Breki zitengee siku zake, kwani mwendo ukipanda kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 80, umbali unaohitajika kusimama tangu breki zishike huongezeka takriban mara 4. Ukiwa umenyooka, breki ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa; ibane taratibu mpaka uzito uhamie mbele, kisha ongeza nguvu.

Nakusihi ujifunze pia kuiinua. Zima injini, ingiza gia, na ikiwa imelalia kulia shusha kwanza stendi ya pembeni. Ipe mgongo, chuchumaa makalio yakiegemea kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na sehemu ngumu ya nyuma kwa mwingine, kisha isukume kwa nguvu za miguu, kwa hatua fupi za kinyumenyume. Jioni nilipoiinua peke yangu kwa mara ya kwanza, niliwasha tena na kurudia namba 8, na safari hiyo mikono haikuung'ang'ania usukani.