Bendi iliyobaki kwenye jeli bado haijathibitisha kitu

Wadogo zangu, leo tena mmepima kama protini imevuka utando na kuingia ndani ya sehemu ya seli, na jeli inayotenganisha protini ziwe mistari (bendi) imeletwa kikaoni bila mrija wa sabuni. Nawapenda, lakini hili lazima tulimalize.

1. Mikrosomu (vifuko vya utando wa retikulamu ya endoplazimu) zitiwe tangu utengenezaji wa protini unapoanza. Peptidi ya ishara (kipande cha mbele kinachoielekeza protini kwenye utando) hudakwa na SRP, chembe inayoitambua, wakati ribosomu bado inasoma mRNA. Ukizitia mwishoni, protini nyingi zitakuwa zimeshajikunja, na Sec61, mlango wa utando huo, haipitishi kilichokunjika.

2. Protinasi K, kimeng'enya kinachokata protini zisizolindwa na utando. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mwanafunzi mmoja, makini kweli, alimaliza muhula mzima akiamini protini yake inaingia kwenye mitokondria. Kila akitia protinasi, bendi haitikisiki, na sisi tunampongeza. Akaandaa mpaka bango la mkutano. Ndipo alipoombwa aongeze mrija wenye Triton X-100, yaani sabuni. Utando ukayeyuka, protinasi ikawa huru kufika kila mahali, na bendi ikabaki vilevile! Kumbe hapakuwa na utando uliokuwa ukiilinda. Protini ilikuwa imegandamana nje ya mitokondria, kimeng'enya hakipati pa kukata. Alilia, na ilikuwa haki yake, maana sisi wakubwa ndio tuliopaswa kuuliza mapema. Basi andaeni mirija mitatu: usio na protinasi, wenye protinasi, na wenye protinasi pamoja na sabuni. Bendi ibaki kwenye wa pili, ipotee kwenye wa tatu. Kwa protini ya matriksi (chumba cha ndani kabisa cha mitokondria) ongezeni mrija wa CCCP, kemikali inayozima chaji ya utando wa ndani. Chaji hiyo ikizimwa, protini haina njia ya kufika huko.

3. PMSF, dawa ya kusimamisha protinasi, huharibika ikikaa majini, kwa hiyo itieni mbichi, kabla ya SDS, sabuni kali ya kuandalia sampuli za jeli. Protinasi K hufanya kazi hata ndani ya SDS. Nimeona jeli tupu kabisa ikiitwa "haikuingia", kumbe protini ililiwa wakati sampuli ikingoja kuchemshwa.

4. Msidai kila protini ifupike kwa kukatwa kipande cha mbele baada ya kuingia. Kibebaji cha ADP na ATP, protini ya mitokondria, hakina kipande cha mbele cha kukatwa. Wala msidai kila protini iingie ikiwa haijakunjika: peroksisomu, vifuko vingine vya seli, hupokea hata protini zilizokwisha kukunjika.

5. Mirija yote ipandishwe kwenye jeli moja, pamoja na sampuli ya protini tuliyoanza nayo. Bila hiyo hatuwezi kusema ni asilimia ngapi imevuka.