Fremu ya Dodoma: kabla hujalipa kodi ya mwaka mzima

Juzi usiku, nikiwa nafunga hesabu za siku, iliingia meseji ya msomaji mmoja wa Singida. "Shikamoo dada. Nimepata fremu ya duka Dodoma, mpya kabisa, haijawahi kukaliwa, iko jirani na barabara ya mzunguko. Mwenyewe anataka kodi ya mwaka mzima, laki mbili kwa mwezi. Dalali anasema Ijumaa ikipita nitaikosa. Mtaji wangu wote ni milioni sita. Nilipe?"

Nimeisoma mara tatu na usingizi ukapotea. Mwaka 2019 nilimwandikia kaka yangu meseji inayofanana na hiyo, akanijibu neno moja: lipa. Simlaumu. Kila mtu wakati ule alikuwa anasema lipa. Basi leo sitamjibu huyu mdogo wangu kwa neno moja, nitamjibu hapa mbele yenu wote, maana najua mko wengi mnaoitazama Dodoma kwa jicho hilohilo.

Nianze na kilichotuleta. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini kwa miaka mingi ulibaki maneno. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali inahamia kweli, na safari hii ikahama. Mei 2017 akaivunja CDA, ile mamlaka iliyokuwa imeshika ardhi ya mji tangu miaka hiyo ya sabini, na hati zilizokuwa zikitolewa kwa miaka 33 zikaagizwa ziwe za miaka 99. Hapo ndipo watu walipopata moyo wa kujenga. Aprili 2018 tukawa jiji. Aprili 2019 Mji wa Serikali wa Mtumba ukazinduliwa. Sensa ya 2012 iliwakuta hapa watu 410,956. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Mji uliokaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka kumi, nani asingetaka kufungua duka?

Na mimi nilitaka. Nilikuja kutokea Morogoro Mei 2019 kuutazama mji. Nilikataliwa gesti tatu mfululizo kwa sababu zilikuwa zimejaa, ya nne nikapata chumba kwa bei ya kuumiza. Migahawa imejaa, bodaboda hazikai, barabarani magari yamebanana. Nikajiambia, huu ndio mji. Sikujua kwamba nilikuja wakati wa Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Dodoma inabeba wabunge, madereva wao, maofisa wa kila taasisi, wageni wa wageni. Wanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nao wapo. Julai ikiingia, wote hao wanaondoka karibu kwa pamoja, na mji unabaki na wenyewe.

Nikachukua fremu Ihumwa, kwenye barabara ya Dar es Salaam, kwa sababu iko njiani kwenda Mtumba. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: wizara zote ziko pale mbele, wizara zinatumia karatasi, basi nifungue steshenari. Kodi laki na nusu, nikalipa mwaka mzima, milioni moja na laki nane. Nikanunua mashine ya kutoa kopi ya mtumba kwa milioni moja na laki nne, nikatengeneza rafu za kupangia vitu, nikaweka grili, nikapaka rangi. Yote kutoka mfukoni mwangu, kwenye jengo la mtu.

Mabasi ya watumishi yalipita saa moja asubuhi, vioo vimefungwa. Yakarudi jioni, vioo vimefungwa. Mtumishi hashuki njiani kununua kalamu, na wizara hainunui rimu ya karatasi kwenye fremu ya barabarani. Inanunua kwa wazabuni, kwa utaratibu wake wa manunuzi. Waliokuja kwangu ni vijana wenye bahasha za vyeti wanaotafuta kazi, kopi tano, kopi sita. Ilipofika Septemba, upepo wa Dodoma ukianza, kazi yangu kubwa ilikuwa kufuta vumbi kwenye madaftari ambayo hayakuguswa na mtu. Februari 2020 nikafunga. Nilikuwa na miezi mitatu ya kodi ambayo nimeshailipa. Nilimwomba mwenye jengo anirudishie hata nusu. Akasema hela ikishaingia haitoki.

Nilihesabu wizara, sikuhesabu vitanda. Hili ndilo jambo ambalo natamani ningeambiwa na mtu kabla. Mji unakua, ni kweli, lakini haukui kila mtaa kwa pamoja, na mahali watu wanapofanya kazi sipo wanaponunua. Watu wananunua njiani kurudi kulala. Fuata wanapolala.

Nilijifunza hilo bila kutafuta. Nilikuwa nimepanga chumba Nkuhungu, na kila jioni nilishuka na daladala pale kituoni nikiwa nimechoka. Jioni moja nikakaa kwenye benchi la mama anayekaanga mihogo, nikaanza kutazama. Daladala inasimama, wanashuka watu kumi na tano. Wawili wanakwenda moja kwa moja nyumbani. Wengine wote wanasimama mahali: nyanya, mkaa, unga, vocha. Mama mmoja alikuwa na pazia jipya kwenye mfuko, akamuuliza muuza mihogo, "Mwenzangu, fimbo ya pazia napata wapi huku?" Akajibiwa arudi mjini. Arudi mjini kwa ajili ya fimbo ya pazia! Usiku ule sikulala. Mtaa mzima ni watu waliohamia juzi, wana nyumba ambazo hazina pazia, hazina ndoo za kutosha, hazina kamba za kuanikia, na mimi nilikuwa kilomita nyingi kutoka hapo nikiwasubiri makatibu wakuu.

Juni 2020 nikafungua Nkuhungu. Kodi elfu themanini, nikalipa miezi mitatu tu. Ndoo, beseni, pazia na fimbo zake, misumari, vyombo vya jikoni. Miaka mitatu. Sitawachosha na miezi ile ya kuamka na kufungua. Ilikuwa kazi, na kazi ikalipa. Nilisomesha mdogo wangu, nikanunua kiwanja.

Sasa nieleze kitu ambacho bado kinaniuma, na sitaficha. Juni 2023 mwenye fremu alikuja dukani na soda mbili baridi, akakaa, akasifu biashara. Kisha akasema kuanzia mwezi ujao kodi, iliyokuwa imeshafika laki moja, itakuwa laki mbili na nusu. Kama siwezi, nimpishe. Mkataba wetu ulikuwa ukurasa mmoja wa daftari, tumesaini mbele ya balozi wa nyumba kumi. Haukusema chochote kuhusu kupandisha. Na sheria yetu haimwekei mwenye fremu kikomo cha kupandisha. Ni mapatano yenu tu, na mimi sikuwa na mapatano yoyote. Nikahama. Baada ya wiki mbili nikapita na bodaboda. Duka lilikuwa limefunguliwa na shemeji yake. Ndoo za buluu zimepangwa nje kama nilivyokuwa nikizipanga, kubwa chini ndogo juu. Beseni jekundu limening'inizwa mlangoni kwenye msumari. Msumari ule niliupigilia mimi.

Wateja wangu wanaendelea kununua pale hadi leo. Siwalaumu, wao wanafuata njia yao ya nyumbani.

Kwa hiyo unapoambiwa mji unakua, jiulize unakua kwa faida ya nani. Duka linapochangamka, wa kwanza kuuona uchangamfu ni mwenye jengo. Wewe unaleta wateja, yeye anapandisha kodi kwa wateja uliowaleta. Dawa yake ni karatasi. Mkataba uwe wa miaka mitatu hata kama kodi unalipa kwa miezi sita. Uandikwe kodi itapanda kwa asilimia ngapi na lini. Uandikwe notisi ni miezi mingapi. Uandikwe kama ukiondoka unachukua grili na rafu zako au unaziacha. Nenda kwa wakili akushuhudie, gharama yake ni ndogo kuliko soda mbili nilizoletewa mimi.

Halafu kuna kodi ya Serikali, ambayo madalali hawaitaji kabisa. Mpangaji wa biashara unatakiwa ukate asilimia 10 ya pango uipeleke TRA, Mamlaka ya Mapato, ni kodi ya zuio. Mkataba wenyewe una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Mdogo wangu wa Singida, kwa laki mbili kwa mwezi pango lako la mwaka ni 2,400,000. Zuio ni 240,000, stempu 24,000. Kisheria zuio linatoka kwenye hela ya mwenye fremu, lakini wengi wanakuambia, "Mimi nataka laki mbili yangu mkononi, hayo mengine utajua mwenyewe." Maana yake unalipa wewe. Na hutaikwepa, kwa sababu ukienda kushughulikia TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni wataomba mkataba wa pango. Muulize hili kabla hujatoa hata senti, na jibu lake liingie kwenye mkataba.

Nina rafiki mwenye duka la viatu katikati ya mji. Wamachinga walipoondolewa barabarani na baadaye kujengewa soko lao, alifurahi kwamba sasa mlango wake unaonekana. Baada ya muda akagundua kwamba mlango unaonekana lakini wa kuuona wamepungua. Wale vijana ndio waliokuwa wanawasimamisha watu. Fremu nzuri si ile isiyo na wapinzani mlangoni. Fremu isiyo na muuza mihogo, fundi viatu wala wakala wa fedha karibu yake, ina sababu.

Kitu kingine ni treni. Tangu SGR, treni ya mwendokasi ya kutoka Dar, ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, mtu anakwenda Kariakoo asubuhi na kurudi usiku. Mimi inanisaidia, nafuata mzigo mwenyewe. Lakini mteja wangu naye anakwenda. Sofa, televisheni, nguo za harusi, siku hizi wengi wanafuata Dar. Kinachobaki mtaani ni kile mtu anachokihitaji jioni hii hii, ndoo imepasuka, balbu imeungua, mgeni amefika na hakuna shuka. Ukifungua duka la mtaani Dodoma leo, uza hicho.

Leo nina fremu tatu zangu Nzuguni, nilizomaliza 2024. Moja ninauzia mwenyewe, mbili nimepangisha. Kiwanja kilikuwa cha makazi, nikahangaika kubadilisha matumizi kiwe cha makazi na biashara, nikachukua kibali cha ujenzi, ndipo nikamwaga msingi. Waliniona mjinga, kwa sababu wengi wanavunja ukuta wa mbele tu wanaweka mlango wa chuma, na biashara inaanza. Lakini mimi nimeshatolewa kwenye jengo mara moja kwa kukosa karatasi, sitatolewa mara ya pili kwenye jengo langu mwenyewe. Nasema hivi kwa fahari na sioni aibu. Mwanamke aliyefuta vumbi kwenye madaftari Ihumwa ana hati yenye jina lake.

Mpangaji wangu mmoja ni binti wa saluni. Mkataba wake ni wa miaka mitatu, kodi inapanda asilimia 10 kila mwaka na si zaidi. Mwezi uliopita dalali alinijia akasema ana mtu wa kutoa mara mbili ya kile ninachopata, nimtoe yule binti. Nakiri kwamba nilinyamaza kidogo, kwa sababu hela ni hela na nina mkopo. Kisha nikauona ule msumari. Nikamwambia dalali aende.

Wenye fremu mnaonisoma, na najua mpo, acheni kuwavuna watu. Fremu mpya zinajengwa kila kona. Piteni mitaa ya pembezoni mhesabu milango iliyoandikwa kwa rangi INAPANGISHWA na namba ya simu chini yake. Mimi mwezi jana nilihesabu mtaa mmoja wenye fremu kumi na mbili, tano zimefungwa. Zile tano zote zilikuwa na wapangaji waliopandishiwa kodi, au hazijawahi kupata mtu kwa sababu bei iliwekwa kwa kuutazama mji badala ya mtaa.

Na wewe mdogo wangu, usimtumie dalali hela Ijumaa hii. Barabara ya mzunguko ni kilomita 112.3, imewekwa ili malori yasipite mjini. Magari yatapita mengi mbele ya fremu yako, lakini muulize dalali wangapi watashuka, na nyuma ya jengo kuna nyumba ngapi zinazowasha taa saa moja usiku. Tena leo ni Mei, Bunge la bajeti linaendelea, mji umejaa. Kama fremu ni nzuri Julai, itakuwa nzuri kweli.

Njoo Julai, katikati ya wiki. Shukia Nanenane, stendi kuu, unipigie, Nzuguni ni hapohapo. Tutaacha duka kwa kijana wangu, tutakwenda wote mpaka kwenye hiyo fremu yako saa kumi na moja jioni, na tutakaa mpaka saa mbili usiku. Njoo na daftari, utaandika kila anayepita kwa miguu.