Prius yako haikuibiwa mkanda

SWALI: Papa Fundi, nakusalimia. Mtoto wangu aliniagizia Toyota Prius ya 2010 kutoka Japani. Ilishukia Dar es Salaam, ikapita Zambia mpaka Kasumbalesa. Juzi fundi mmoja wa mtaani alifungua boneti, akaniambia kwamba njiani wameiba mkanda, alternata na stata. Anataka pesa akanunue vya motokari nyingine avifunge. Lakini inatembea vizuri na hewa baridi inatoka. Nimpe? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, usitoe hata franka moja. Motokari yako ni nzima. Prius ya aina hiyo, iliyoanza kuuzwa 2009 ikiwa na injini ya lita 1.8, ilitoka kiwandani bila mkanda wowote kwa nje. Ndani kuna cheni ya chuma inayoendesha valvu, nayo inataka tu mafuta ya injini yabadilishwe kwa wakati.

Kwenye motokari tulizozizoea, injini huzungusha mkanda wa mpira, na mkanda huzungusha alternata, pampu ya maji, kompresa ya hewa baridi na mara nyingi pampu ya usukani. Injini ikizimika, vyote vinasimama. Sasa angalia yako: ukisimama, au ukienda polepole, injini inajizima yenyewe ili kuokoa esansi. Kama kompresa ingetegemea mkanda, joto la Oktoba hapa Lubumbashi lingekumaliza kila unaposubiri kuvuka njia panda. Usukani nao ungekuwa mzito huku gari linatembea. Ndiyo sababu kila kifaa kimepewa mota yake ya umeme.

Umeme huo unatoka kwenye betri kubwa ya nyuma, yenye volti 201.6. Ndani ya giaboksi mna mota mbili kubwa, na mojawapo ndiyo inayoamsha injini, kisha inazalisha umeme injini ikishawaka. Hiyo ndiyo stata yako. Alternata yako imo ndani ya inveta, lile sanduku la chuma chini ya boneti lenye nyaya nene za rangi ya chungwa: linapunguza umeme wa betri kubwa hadi karibu volti 14 na kuchaji betri ndogo.

Toyota walifika hapo hatua kwa hatua. Prius ya kwanza, ya 1997, kompresa yake ilikuwa bado ya mkanda. Ya 2003 ikapata kompresa ya umeme, mkanda ukabakia kwa pampu ya maji peke yake. Toyota Aqua iliyotoka 2011 nayo haina mkanda. Lakini si haibridi zote, yaani motokari zinazotumia injini ya esansi pamoja na mota ya umeme: Honda Civic haibridi ya 2006 ina kompresa inayozungushwa na mkanda na pia na mota. Kwa hiyo fundi asiulize tu kama ni haibridi, aulize ni ipi.

Kinachonitia hofu hasa ni hewa baridi, siku itakapopungua nguvu. Mota ya kompresa yako imo ndani ya kompresa yenyewe, inaoga katika gesi na mafuta yake. Inataka mafuta ya esta yasiyopitisha umeme. Toyota wanataja ND-11. Akija mtu na yale ya kompresa za mkanda, hata kidogo tu kilichobaki kwenye mpira wa mashine yake ya kujaza gesi, umeme unaanza kuvuja, kompyuta inagundua, na motokari inaweza kukataa kuwaka. Kompresa nzima inakuwa imeharibika kwa ajili ya mafuta ya bei ndogo. Muulize fundi mafuta gani anatia kabla hajagusa kitu. Na nyaya za chungwa asizishike mpaka achomoe plagi ya usalama ya betri kubwa, avae glavu za umeme, na asubiri dakika 10, maana inveta inapandisha umeme hadi volti 650 na unabakia humo kwa muda.

Jambo jingine ni pampu ya maji. Mkanda uliochakaa hulia, mtaa mzima ukasikia. Pampu ya umeme inaweza kufa kimya. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, simama papo hapo, usijikaze kufika nyumbani. Inveta ina pampu na tangi lake dogo la maji: motokari ikiwa imewashwa, fungua kifuniko cha tangi hilo tu, utaona maji yanachezacheza. Yakitulia kabisa, pampu ina shida. Wala usiongeze maji ya bomba. Tia maji ya rejeta ya rangi ya waridi yanayotakiwa.

Betri ndogo iko nyuma upande wa kulia. Ikiisha, motokari haiwaki hata kama betri kubwa imejaa, kwa kuwa ndiyo inayoamsha kompyuta. Kwa hiyo usikae ukisikiliza redio kabla neno READY halijaonekana mbele yako, maana kabla ya hapo haichajiwi.

Huyo fundi akirudi, mwambie apime betri hiyo huku READY imewaka. Akiona karibu volti 14, alternata anayotaka kuinunua inafanya kazi.