Simba wa MGM: tenganisha kampuni na nembo yake

Ndugu muulizaji, umetaka kujua kama simba anayenguruma mwanzoni mwa filamu za MGM (Metro-Goldwyn-Mayer, kampuni ya filamu ya Marekani) ni yule yule tangu kampuni ianzishwe, na ni mwaka gani uuandike katika makala yako. Nakushauri usichanganye umri wa kampuni na umri wa nembo. Kampuni ilizaliwa mwaka 1924, Marcus Loew alipounganisha Metro Pictures, Goldwyn Pictures na kampuni ya Louis B. Mayer, lakini simba wa nembo ni mkongwe zaidi, kwa kuwa Howard Dietz alimbuni kwa ajili ya Goldwyn, akikumbuka simba wa Chuo Kikuu cha Columbia alikosoma. Simba aliyeitwa Slats, wa kwanza chini ya MGM, hakusikika, maana filamu zilikuwa bado bubu. Ngurumo ilianza mwaka 1928 kwa simba Jackie, ambaye sauti yake ilipigwa kwa santuri. Simba aitwaye Leo, ambaye wengi humdhania ndiye wa kwanza, aliingia mwaka 1957. Maneno ya Kilatini yanayomzunguka, "Ars Gratia Artis", maana yake ni sanaa kwa ajili ya sanaa, kauli inayochekesha kidogo kwa kampuni ambayo Amazon iliinunua mwaka 2022 kwa takriban dola bilioni 8.5.