Ndugu yako akishtakiwa kwa mauaji

Siku ya hukumu dada yangu alikuwa ameshika chupa ya maji aliyomnunulia mwanawe, akidhani wataruhusiwa kuongea kidogo. Jaji alisoma karibu saa nzima. Mwisho akasema sheria haimpi adhabu nyingine: kunyongwa hadi kufa. Chupa ile tulirudi nayo nyumbani.

Mimi ni mjomba wa huyo kijana. Ugomvi ulianzia kilabuni usiku, ukaisha mtu mmoja yuko chini. Sijaja kumsafisha, aliyekufa naye ana mama. Naandika kwa sababu kuna jambo tulilichelewa.

Tulijiandaa kuomba huruma. Tulikuwa na barua ya mtendaji wa kijiji, ya mchungaji, na maelezo kwamba hajawahi kushtakiwa na ana watoto wawili wadogo. Vyote havikuwa na pa kuingia. Chini ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, mtu mzima akishatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji hapimi tena chochote (mjamzito husalimika). Ingekuwa kuua bila kukusudia, angepima. Kwa hiyo kesi yote imelalia kwenye lile kusudio, na linapiganiwa wakati wa ushahidi. Nani alianza? Fimbo ilitoka nyumbani au iliokotwa palepale? Walikuwa wamekunywa kiasi gani? Sisi hayo tuliyaona ya aibu, tukayanyamazia.

Basi msimdharau wakili wa kupewa na serikali kama tulivyofanya. Mtafuteni kabla kikao cha Mahakama Kuu hakijaanza, mpeni majina ya waliokuwepo. Andikeni saa ndugu yenu alipokamatwa, kwa kuwa polisi wana saa nne za kumhoji, na maelezo ya onyo (yale anayoandikishwa polisi) yaliyochukuliwa nje ya muda huo wakili anaweza kuyapinga. Dhamana msihangaike nayo, kosa hili halina. Na yeyote anayewaambia mchange hela ya “kuongea na mashahidi”, mfukuzeni.

Taarifa ya kukata rufaa ni ndani ya siku 30 tangu hukumu. Hupitia gerezani, fuatilieni mpaka muione imegongwa muhuri.

Watu walitufariji kwamba Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994, na kwamba mwaka 2017 Rais Magufuli alisema hadharani hatasaini mtu anyongwe. Kamwambie hivyo mama mzazi ambaye simu yoyote ya namba ngeni inamfanya akae chini kwanza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, hapo Arusha tu, ilisema mwaka 2019 kwamba kumfunga jaji mikono namna hii kunakiuka haki ya kuishi. Wakenya ulazima huo Mahakama yao ya Juu iliuondoa mwaka 2017. Mimi nilikuwa mtu wa “anyongwe tu” kila nikisikia habari redioni. Siku hizi nauliza kwanza walioua waliuaje.

Mahakama ya Rufani ilikuja kuona ule ulikuwa ugomvi, ikampa miaka 15. Mama wa marehemu anauza dagaa soko moja na dada yangu, na hawasalimiani. Nilimfuata mwenyewe kumweleza kabla hajasikia kwa watu. Alinisikiliza huku anapima dagaa kwenye kopo, akamfungia mteja wake, akamwita anayefuata.