Stika ya 918 kwenye Datsun 240Z, ni rangi au spea?

SWALI: Shikamoo fundi. Mjomba kaniachia Datsun 240Z ya 1972, imelala chini ya turubai hapa Kizota miaka kibao. Ni nyekundu iliyopauka, ila ukifungua boneti, kwenye bati la juu ya rejeta kuna kistika kimeandikwa 918. Fundi rangi wangu anasema hiyo namba ya spea tu, niachane nayo apige nyekundu. Ni kweli?
– Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mwambie fundi asubiri kwanza. 918 ni namba ya rangi na ni ya chungwa, yaani hiyo gari ilitoka Japani ikiwa chungwa, nyekundu imekuja baadaye. Na sishangai, mana 240Z ilichukua Safari Rally 1971 na tena 1973, na zile za timu ya kiwanda kwenye hayo mashindano zilikuwa nyekundu na boneti nyeusi, sasa kijana gani wa enzi hizo asingetaka ya kwake ifanane? Kuna na nyeupe namba 904 iliyoitwa Kilimanjaro White, hiyo ningeipata mimi nisingeiuza.

Ila stika peke yake usiiamini sana. Bati la mbele likigongwa linaweza kubadilishwa kwa la gari nyingine, likaja na stika yake, na siku hizi stika mpya zinachapwa na kuuzwa kwa namba yoyote utakayo. Kwa hiyo toa zulia, chungulia chini ya dashibodi na nyuma ya paneli za kwenye buti, sehemu ambazo mpiga rangi mvivu hafiki. Ukikuta chungwa huko basi imekubaliana na stika. Usipoona, sugua sehemu iliyojificha kwa msasa mlaini na maji, taratibu, tabaka zitajionyesha zenyewe, ila vaa barakoa mana rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Dukani usiende na namba tu, beba na kipande kilichobaki chungwa pasipopigwa jua, kipige polishi kidogo ndo wachanganye kwa kulinganisha. Wakikuchanganyia, pakeni kwanza kwenye kipande cha bati kisicho cha gari mkakiangalie nje saa sita mchana, taa za dukani zinadanganya.

Hiyo stika yenyewe isibanduliwe. Fundi aizibe kwa tepu kabla hajapuliza.